Safari ya Dirishani

Ukipanda basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, Hifadhi ya Mikumi utaikuta jua likiwa limeshapanda na nusu ya abiria wamelala midomo wazi. Halafu mtu mmoja, mara nyingi mtoto, anaropoka: "Twiga!" Basi zima linaamka. Wa kulia wanasimama kuchungulia kushoto, wa kushoto wanabandika simu kwenye kioo, kondakta anafoka kwamba hapa ni hifadhini, hakuna kutupa chupa nje, na mama ambaye hajafungua mdomo tangu Chalinze anamgeukia jirani yake na kumsimulia tembo watano aliowaona mwaka jana hapahapa, karibu kabisa na lami. Hali hiyo inaendelea kwa takriban kilomita 50. Kisha hifadhi inaisha, watu wanarudisha viti nyuma, usingizi unaendelea.

Nimepita njia hiyo nikiwa mwanafunzi, nikiwa naenda misibani, nikiwa nimebeba mchele wa watu. Nathubutu kusema kwamba hiyo ndiyo ziara ya wanyamapori iliyofanywa na Watanzania wengi kuliko nyingine yoyote. Haina tiketi, haina mwongozaji, na haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Takwimu za serikali za mwaka 2024 zinasema nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 5.3, ambapo zaidi ya milioni 2.1 walitoka nje na zaidi ya milioni 3.2 walikuwa wa ndani. Yule mama wa Chalinze hayumo. Hakupita getini, kwa hiyo kitabu hakimjui, ingawa pengine kaona tembo wengi kuliko mimi ninayeandika.

Lugha yenyewe ina kichekesho chake hapa. Neno safari ni letu, tulilichukua kwa Waarabu na kulilea. Sisi tunasafiri kwenda kuoa, kuzika, kufuata mzigo Kariakoo. Wazungu wakaliazima, wakalivisha kofia na darubini, na leo dunia nzima ikisikia safari inawaza simba. Kwa Kiswahili sanifu, basi, aliye safarini Mikumi ni abiria wa Mbeya. Yule wa kwenye Land Cruiser yuko kwenye utalii, na utalii kwa Mtanzania wa kawaida ni kazi ya watu wengine. Jaribu kumwambia shangazi yako kwamba wiki ijayo unakwenda kuangalia pundamilia. Atakuuliza kama umepata mgeni wa kumtembeza.

Wala dhana hiyo haikuanza jana. Mwaka 1961, mwaka uleule wa Azimio la Arusha la uhifadhi (si lile la 1967 tulilokaririshwa shuleni), Mwalimu Nyerere alikaririwa akikiri kwamba yeye binafsi hakuwa na hamu kubwa ya wanyama, na asingependa kumalizia likizo yake akiwatazama mamba. Ila alitaka waishi, kwa kuwa aliamini kwamba baada ya almasi na katani, wanyama ndio wangeiletea nchi fedha nyingi zaidi. Ni kauli ya mtu mkweli, na hesabu yake imetimia kupita alivyodhani: katani ilianguka, utalii ukapanda. Lakini ukiisikiliza vizuri utaona mpangilio mzima wa hifadhi zetu umo ndani yake. Mnyama ni kama zao la biashara, na zao la biashara analilima huyu, analila mwingine. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro huamka akanywa chai.

Tangu filamu ya Royal Tour, ya kuitangaza nchi kwa watalii, izinduliwe mwaka 2022, kila msimu wa sikukuu tunahimizwa kutalii vya kwetu. Viongozi wanalaumu mwamko: Watanzania hawana utamaduni wa kutalii, wanapenda baa kuliko mbuga. Hoja hiyo siikubali, na ushahidi wangu ni lile basi. Watu wasio na mwamko hawaamki usingizini kwa sababu ya twiga. Wanaolaumu kiingilio nao siwaungi mkono. Serengeti yenyewe, kwa miaka mingi, raia mtu mzima amekuwa akilipa shilingi 10,000 kabla ya kodi, wakati mgeni kutoka nje analipa dola 60 na zaidi. Shilingi 10,000 ni kuku nusu na chipsi. Kwa hapo serikali imetenda haki, na niseme hivyo bila kinyongo.

Kinachomzuia Mtanzania ni gari. Hifadhi zetu nyingi zimejengwa kwa ajili ya mtu aliyefika na gari refu, lenye tairi nne zinazovuta, tena na dereva anayejua njia. Geti halisi liko hapo. Ukifika mlangoni kwa miguu, kwa bodaboda au kwa daladala, kiingilio chako hakikusaidii, maana ndani hakuna kutembea kwa miguu ila kwa mipango maalumu pamoja na askari mwenye silaha. Unakuwa kama mtu aliyekata tiketi ya mpira akaambiwa aje na kiti chake.

Tulijaribu, watu saba wa ofisi moja, Pasaka moja iliyopita. Tulikodi Noah kwa shilingi laki mbili na nusu kwa siku, mafuta juu yetu, dereva akatuapia kwamba Mikumi anaijua kama sebule yake. Viingilio vyetu wote saba havikufika nusu ya pesa ya gari. Hilo la kwanza. La pili ni kwamba Pasaka huangukia masika, na wakati huo ndio sisi waajiriwa tunapata siku nne mfululizo za mapumziko. Wageni wa nje huja kwa wingi Julai na Agosti, ardhi imekauka, nyasi zimelala, wanyama wamekusanyika kwenye maji. Sisi tunakwenda nyasi zikiwa juu ya bega la swala.

Sasa, neno mbuga. Wakubwa wanatusahihisha tuseme hifadhi, na kisheria wana haki. Lakini mbuga kwa asili ni uwanda wa udongo mweusi unaojaa maji wakati wa mvua, na uwanda wa Mkata, moyo wa Mikumi, ndio mbuga hasa. Udongo ule ukikauka unapasuka nyufa za kuingia ngumi. Ukilowa unashika tairi kama ugali wa moto unavyoshika mwiko. Noah yetu iliingia kama mita ishirini nje ya njia ya changarawe, kwa sababu dereva aliona "kitu cha njano", ikakaa. Kitu cha njano kilikuwa kichuguu.

Tukakaa humo ndani saa moja na robo, vioo juu, jasho likitutiririka, mwenzetu wa uhasibu akipiga hesabu ya maji yaliyobaki. Kushuka tulikuwa tumekatazwa na tuliogopa hata kama tusingekatazwa. Ikapita Land Cruiser ya kufungua paa, wazungu wawili juu, kila mmoja na dirisha lake na mto wake. Dereva wao akasimama, akatupa pole, kisha akamwambia wetu kwa sauti ya chini, "Sharubu wapo kule kisimani, kaka." Madereva wa utalii wana majina yao ya mafumbo kwa wanyama, kwa sababu wageni wote siku hizi wanajua maana ya simba, na ukilitamka kwenye redio halafu simba akaondoka, lawama ni zako. Sisi saba tulielewa neno kwa neno. Ni mara moja tu siku ile ambapo Kiswahili kilitupa faida, nasi tumekwama.

Askari wa uhifadhi walikuja na kamba. Mmoja, kijana mpole, akaizunguka Noah kama daktari, akauliza, "Nani alisema hii inapita huku?" Hakuna aliyejibu. Dereva akasema, "Samahani, afande." Wakatuvuta. Tukaenda bwawa la viboko, pale unaporuhusiwa kushuka, tukala mayai yetu ya kuchemsha tukiangalia migongo ya kijivu ikizama na kuibuka, na niseme ukweli: ilikuwa saa bora kuliko zote za mwaka ule. Viboko walikuwa wakicheka, au walikuwa wakifanya kile kinachosikika kama kucheka.

Siku hiyo niligundua jambo jingine, nalo limenisumbua kuliko tope. Hatukuwa na majina. Kila chenye pembe tulikiita swala. Alipotokea mnyama mkubwa wa kahawia, manyoya marefu shingoni, na duara jeupe matakoni kana kwamba alikalia beseni lenye rangi mbichi, mmoja akasema "swala dume", mwingine "nyumbu", dereva akasema "waterbuck". Ni kuro. Lugha yetu inamjua kuro, inamjua pofu, tohe, pongo, kongoni, digidigi, ngiri, swala pala, na kila jina lina mnyama wake. Mikumi ni mahali pazuri sana pa kumwona pofu, swala mkubwa kuliko wote wa huku kwetu, ana kidali kinachoning'inia kama cha ng'ombe. Tulimpita. Tulidhani ni ng'ombe wa mtu.

Siwalaumu waongozaji. Wamesomeshwa kwa Kiingereza, wamekariri kwa Kiingereza, mtihani kwa Kiingereza, bakshishi kwa dola. Nimewahi kupanda gari moja na mwongozaji hodari kweli kaskazini, tukiwa Waswahili watupu, na kila alipofika penye utamu, mimba ya tembo miezi 22, mama nyumbu kumtambua mtoto wake kwa harufu, ulimi wake ulihamia Kiingereza wenyewe. Aliposhtuka akacheka: "Samahani jamani, haya mambo kwa Kiswahili sijawahi kuyasema." Hata orodha ya wale watano wakubwa, simba, chui, tembo, nyati na kifaru, ni ya wawindaji wa enzi za mkoloni. Hao ndio waliokuwa wagumu na hatari kuwawinda kwa miguu. Babu yangu asingemwacha twiga nje ya orodha yoyote.

Na kuna hili la kupokelewa. Mahali pamoja pa kulala wageni, jina nalihifadhi, na wala si Mikumi, tuliingia kutafuta soda. Mlinzi akatuuliza, kwa adabu zote, tunamtafuta nani. Tukasema hatumtafuti mtu. Hilo likamchanganya zaidi. Tulipokaa, orodha ya bei ikaja kwa dola, na kijana wa kuhudumu akatutazama kwa huruma ya mtu anayejua mshahara wetu.

Ni haki pia kukumbuka kwamba kuna Watanzania ambao hawahitaji kwenda kumwona tembo, kwa sababu tembo ndiye anayewatembelea. Kwenye vijiji vinavyopakana na Mikumi, huko Mvomero na Kilosa, usiku wa mahindi kukomaa ni usiku wa madebe, tochi na moto. Sheria inawatambua kwa maneno mawili ambayo sijui kama yapo katika lugha nyingine yoyote: kifuta jasho kwa aliyeliwa shamba, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Ukimwambia mtu huyo alipie kumwangalia tembo atadhani umelewa. Yeye na yule wa Land Cruiser wanazungumza juu ya mnyama mmoja, ila hawajawahi kukaa upande mmoja wa kioo.

Turudi barabarani, maana barabara ya Mikumi ina kisa chake. Hifadhi ile ni mtoto wa barabara. Njia ya Morogoro hadi Iringa ilipojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wawindaji walipata urahisi wa kufika Mkata, wanyama wakaanza kuisha, na ndipo eneo likaanza kulindwa hadi likatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Baadaye njia hiyohiyo ikawa barabara kuu ya kwenda Zambia, yenye malori ya shaba, ya mafuta, ya mbolea, usiku na mchana. Watafiti wameandika juu ya wanyama wanaogongwa hapo tangu miaka ya 1990. Kuna matuta, kuna vibao vya mwendo, na kuna ule ubao maarufu wa faini unaoorodhesha wanyama na bei zao kwa dola: ukimgonga twiga, dola 15,000. Abiria wote huusoma kwa sauti. Ni maandishi ya uhifadhi yanayosomwa kuliko yote nchini, na somo lake ni bei.

Linganisha na Serengeti. Mwaka 2010 serikali ilipotaka kupitisha barabara kuu kaskazini mwa hifadhi ile, dunia ilisimama. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na Juni 2014 ikaamua kwamba barabara ya lami pale isijengwe. Nilifurahi, nyumbu wapite kwa amani. Lakini Mikumi inakatwa na lami mchana kweupe, na sijasikia kelele za ukubwa huo. Mikumi haina mto Mara, haina msafara wa nyumbu, haimo kwenye kalenda za ukutani huko Ulaya. Ni hifadhi ya wanafunzi, ya abiria na ya watu wa Dar wenye siku mbili. Thamani ya mnyama imefuata thamani ya mtazamaji wake.

Kwa hiyo mimi ningeanzia kwenye basi. Fedha inayokwenda kwenye matangazo ya kumwambia Mtanzania kwamba nchi yake ni nzuri, jambo analolijua, ninunulie mabasi. Mabasi marefu, yenye vioo vipana, ya viti thelathini, yanayoondoka getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa tisa alasiri, kila siku, mtu awe na tiketi kama ya mwendokasi. Humo ndani awepo mtu mmoja wa kusema kwa Kiswahili: huyu ni kuro, yule ni pofu, shikeni utulivu. Pale ambapo hifadhi ina magari yake ya kukodisha, na ziko zenye nayo, yaache kuwa siri ya wanaowajua wahusika.

Najua jibu litakalokuja: watu wengi wataharibu. Basi moja la watu thelathini lina uzito, kelele na vumbi kidogo kuliko magari madogo matano au sita yaliyomzingira chui mmoja chini ya mti. Na kuhusu nidhamu, kumbuka Julai 2025, video iliyozunguka dunia nzima ya watalii walioshuka kwenye magari yao kaskazini mwa Serengeti na kujipanga ukingoni, wakawazibia nyumbu njia ya kuvukia mto. Nilipekua sura zile kwenye simu yangu. Sikuona abiria wa Mbeya.

Lenye mashaka zaidi ni takataka, na hapo nakubali aibu. Nyani wa kando ya barabara Mikumi wamenenepa kwa maganda ya ndizi na biskuti zinazorushwa madirishani, na nyani aliyezoea basi ni nyani atakayekufa chini ya basi. Lakini angalia anayetupa: ni mtu anayepita. Mtu aliyekata tiketi ya kuja kuona nyani hutupa kidogo zaidi. Nasema kidogo, sisemi hatupi.

Miundombinu, ajabu, imeanza kuja yenyewe. Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, nauli ya Dar hadi Morogoro ikiwa shilingi 13,000 na safari takriban saa mbili, Mikumi ilisogea ikawa karibu ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kinachokosekana ni kipande cha mwisho, cha kutoka stesheni mpaka kwa kuro.

Tulikijaribu kipande hicho mwezi wa saba, mimi, mke wangu na watoto wawili. Tulishuka Morogoro asubuhi, milima ya Uluguru imejifunika ukungu, nje ya stesheni vijana wa teksi wakitugombania mabegi. Mmoja, mzee wa makamo mwenye kofia ya Simba, alitushinda kwa upole. "Shikamoo," walisema watoto. "Marahaba wanangu. Mnaelekea wapi?" Nikamwambia Mikumi.

"Mikumi mjini?"

"Hapana mzee, mbugani. Tunakwenda kuangalia wanyama."

Akaweka begi chini. Akamtazama mke wangu, akawatazama watoto, akanyoosha shingo kuangalia nyuma yangu kuelekea mlango wa stesheni, ambako watu walikuwa bado wanatoka na maboksi yao.

"Sawa," akasema. "Mgeni wenu yuko wapi, tumsubiri?"